Wali wa Mama Yake

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivi bila kuuma maneno, na anayenijua hapa Kibiti atakwambia ni kweli. Nimebeba boriti za mikoko begani kabla sijaota ndevu. Nimeona mamba akimchukua mtu tuliyekuwa tunazungumza naye. Nimeona mafuriko yakila mpunga wa kijiji kizima, na mwaka uliofuata watu walewale wakaezeka mabati. Mimi niliyeishia darasa la nne nina mashine ya kukoboa mpunga kando ya barabara, nina nyumba ya vigae, nina gari la mizigo, na wenye vyeti vyao huja kunisalimia kwa heshima wakitaka mchele wa bei ya kuelewana. Kifo nacho nilikuwa nakijua. Nilimzika baba, nikamzika mama, nikazika ndugu wawili. Kwa hiyo mke wangu alipofariki nilijiambia, haya, na hili nalijua.

Aliugua kifua, hakuugua sana. Tulimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, tukarudi naye amelazwa nyuma ya gari. Watoto wetu wakubwa wawili wako Dar na wake zao na kazi zao. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba wetu, binti, yuko darasa la nne. Darasa nililoishia mimi.

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaokulisha mpaka tanga lianuliwe. Vyakula vilikuja vimefunikwa kawa, sinia baada ya sinia, na mimi hata macho yakiwa yamevimba siwezi kuuona wali nisijue ulikotoka. Ndiyo kazi yangu. Nikitazama punje najua huu ni mpunga wa Mkongo, huu wa mabonde ya upande wa Mchukwi, huu umekuja na lori kutoka mbali na mwenye lori ameuchanganya. Lakini zile siku za msiba nilijifunza jambo. Mchele mmoja, uliotoka kwenye mashine yangu mwenyewe, ukiingia nyumba tano unatoka wali wa namna tano.

Nyumba ya mkabala walichemsha maji mengi, mchele ulipoiva nusu wakayamwaga. Wali wao ukaja mweupe, mkavu, kila punje imemnunia mwenzake. Nyumba ya mwalimu walipika kwenye jiko la umeme, wakatia na karoti, ukaja mlaini wa kukatika kwa kijiko. Wazee wa msikitini wakaleta mseto wa choroko. Mama mmoja anayeuza vitumbua pale stendi, huyu ni mtani wangu, koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu, yeye alileta wali wa nazi uliopaliwa makaa, na chumvi kapitiliza. Nikakaa na wazee mkekani, nikanawa, nikamega tonge kila sinia. Wote wali mzuri. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa kwetu, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwetu kulikuwa na wali.

Binti alikuwa ndani na wanawake. Nikamwita mtani wangu mlangoni.

"Kala?"

"Kaonja."

"Kaonja nini?"

"Maji."

Siku ya kuanua tanga watani wakafanya kazi yao. Nyie wa mjini huenda hamjui. Mtani kazi yake msibani ni kumwigiza aliyekufa, ili waliobaki wapate pumzi. Yule mama wa vitumbua akajifunga kanga ya mke wangu, akakaa kwenye kigoda chake jikoni, akashika ungo mtupu akawa anachagua mchele wa hewani, kisha akapaza sauti, ileile ya marehemu, ya kuvuta mwisho wa neno.

"Mwenye mashine, huu mchele wako au kokoto? Sema mapema nijue, nipike au nijenge."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka kanzu ikalowa machozi kifuani. Hivyo ndivyo alivyokuwa ananiambia, miaka yote, mimi mwenye mashine nzima, na jiwe moja kwenye ungo wake likinifanya mdogo. Nikageuka kumtazama mwanangu. Alikuwa amesimama mlangoni na hacheki. Alikuwa anamtazama yule mama usoni, anatafuta kitu na hakioni.

Baada ya dua mama mkwe wangu akaomba kusema. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mjane, ametoka Kiongoroni kwa boti siku tuliyozika na alikuwa hajasema maneno ishirini tangu afike. Huko Kiongoroni ndiko nilikomwoa binti yake, wakati nikikata mikoko.

"Mkwe," akasema, "msiba ni wetu sote, hapana mwenye msiba kumshinda mwenzie. Ila huyu mke mwenzangu naomba nende naye." Mke mwenzangu ndivyo anavyomwita mjukuu wake, utani wa bibi.

Nikamjibu kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika. "Mama, mwanangu hapa hapungukiwi kitu. Ana chumba chake, ana shule, ana maji ya bomba ndani ya uzio."

"Sikusema anapungukiwa. Nasema hajatia kitu tumboni."

"Atakula. Nitampikia mimi."

Mtani wangu akajifuta jasho kwa kanga ya marehemu. "Wewe? Wewe hujui hata kiberiti kinakaa wapi nyumba hii."

"Nitampikia kwa mikono yangu hii. Si mtumishi, si jirani. Mimi."

Mama mkwe akanitazama mikono, si uso. Kisha akasema, "Haya. Arobaini nakuja. Nikimkuta ana mwili, narudi peke yangu, na neno hili sitalitaja tena mpaka naingia kaburini. Nikimkuta hivi alivyo, usinizuie."

"Nimekubali."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa."

Walidhani najisifu. Mimi kupika wali nilikuwa najua kabla wengi wao hawajazaliwa. Kambi za mikoko hazina mwanamke. Mnakaa juu ya tope, maji yakitoka mnakata, maji yakijaa mnapika, na mpishi nilikuwa mimi kwa sababu wengine walikuwa wanaunguza. Unachemsha debe la maji ya kisima cha kisiwani, unamwaga mchele, ukivimba unakinga mfuniko unamimina maji kando, unarudisha motoni kidogo ukauke. Watu wazima wenye mabega kama milango walikuwa wanaula ule wali na papa mkavu wakaniombea dua. Hapana aliyewahi kuulalamikia.

Basi siku ya kwanza jiko lilipowashwa tena, nikamfukuza kila mtu jikoni. Nikapika wali wa kambi. Ukatoka mzuri, mweupe, umechambuka. Nikamwekea mwanangu na samaki wa kukaanga, nikakaa kumtazama.

Akala tonge moja. Akala la pili. Akaweka mkono chini.

"Baba."

"Sema, mwanangu."

"Wali hauna chumvi."

Nikaonja. Haukuwa nayo hata punje. Na nikakaa pale nikaelewa kosa langu, kosa ambalo mtu wa bara hawezi kulifanya hata akitaka. Maji ya visima vya delta yana chumvi yake tayari. Miaka yote ya kambi sikuwahi kutia chumvi kwenye wali, kwa hiyo mkono wangu haukujua kwamba wali hutiwa chumvi. Nikainyunyiza juu, nikachanganya. Chumvi ya juu si chumvi. Alikula kidogo kwa kunihurumia, nikaona, na kuhurumiwa na mtoto wa miaka kumi ni jambo nisilolizoea.

Sikukata tamaa, mimi sikati. Nikaagiza jiko la umeme la kupikia wali kutoka mjini, kubwa, lenye taa mbili. Unatia mchele, unatia maji, unabonyeza, lenyewe linajua. Siku ya kwanza umeme ukakatika njiani, wali ukabaki na kiini kama mtama. Siku ya pili umeme ulikuwepo na wali ukaiva sawasawa. Nikaufunua kwa mbwembwe. Mwanangu akachukua kijiko akachokonoa mpaka chini ya sufuria.

"Ukoko uko wapi?"

"Hili halitoi ukoko, mwanangu. La kisasa."

"Ukoko ulikuwa wetu," akasema. "Wangu na mama."

Akala ule wali, vijiko vinne au vitano, akaenda kukaa kibarazani. Lile jiko bado lipo juu ya kabati. Sijaliuza.

Ikabidi nikubali kwamba njia ni ile ya nazi na makaa, maana mke wangu alipika hivyo. Kwao Kiongoroni hawakupika hivyo, kwao wanamwaga maji kama sisi wa kambini. Alipokuja kwangu bi harusi ndipo mama yangu mzazi akamfundisha wali wa kupaliwa, wakakaa wawili jikoni kama wanaficha mali. Akashika mpaka akampita mwalimu wake. Mama yangu mwenyewe alisema, naye hakuwa mtu wa kusifu watu.

Nikamwita mtani wangu aje aniangalie. Aje aniangalie, nilimwambia, mikono ni yangu. Akaja na kigoda chake, akakaa kivulini kama anayeangalia mpira.

Nikakaa juu ya mbuzi uani kwangu, mchana kweupe, mwanamume mwenye mashine, nikakuna nazi. Wateja wangu wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama.

"Mwenye mashine, umehamia mashine ndogo?"

"Hii haitumii umeme," nikawajibu. "Piteni."

"Kaa vizuri," mtani akasema. "Unakuna nazi au unapiga randa mlango? Polepole. Ukifika kwenye ngozi acha, utawalisha watu tui la kahawia."

Nikakamua tui zito nikaliweka kando. Nikarudia maji kwenye chicha, nikakamua jepesi, na mara ya tatu tena. Lile jepesi ndilo linalokwenda motoni na chumvi, likichemka unamwaga mchele. Ukikaribia kukauka unamimina tui zito juu, unageuza mara moja kwa mwiko, unafunika, unapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Mambo yote hayo niliyafanya. Na mchele nilichagua ule wa fahari yangu, wa Mkongo, uliokobolewa wiki ileile, ukiushika unanukia mpaka kwenye mfuko wa shati.

Ukatoka uji. Sitafuti jina jingine. Bokoboko lisilo na nyama.

Mtani akachungulia. "Huu umempikia mgonjwa gani?"

"Mchele wangu wa daraja la kwanza huo."

"Mchele mpya huo, baba. Bado una maji ya shambani. Umeutilia maji ya mchele wa mwaka jana."

Na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wateja kila siku, bila kukosea: unataka harufu, chukua mpya, unataka wa kuchambuka, chukua wa zamani. Nilikuwa nausema kama mtu anavyosema bei. Sikuwahi kufikiri kwamba maneno yale yana sufuria ndani yake.

Nikarudia na mchele wa zamani. Siku moja ukaungua upande, siku nyingine makaa ya juu yalikuwa machache na wali wa juu ukabaki mbichi. Wazee wa kijiweni wakaanza kuniuliza leo umepika nini kabla ya kuniuliza mpunga umepanda au umeshuka. Sikujali. Nikazoea. Ikafika siku nikafunua sufuria nikaona punje zimesimama, nyeupe, zinang'aa tui, na chini ukoko wa rangi ya dhahabu unaobanduka mzima. Mtani akaonja, akatafuna muda mrefu, akasema, "Usije ukaja kuuza hapo stendi, utanifungia biashara."

Mwanangu akala. Sahani nusu, siku nyingine zaidi ya nusu. "Mtamu, baba."

"Kama wa mama?"

"Mtamu."

Mimi ni mfanyabiashara. Mteja akisifu mzigo bila kutia mkono mfukoni, najua hajaupenda. Alikuwa anasifu mzigo. Mifupa ya mabega ilikuwa bado inaonekana kwenye sare ya shule, na arobaini ilikuwa inakuja. Nilimuuliza wazi, kimekosekana nini. Akatazama sufuria, akanitazama mimi, akasema hajui.

Nilikipata peke yangu. Nyuma ya bafu la uani kuna migomba, inakunywa maji ya kuogea. Nilikwenda kumwaga maji ya kuoshea mchele nikainua macho. Majani ya chini yalikuwa yamepungua vipande. Si upepo. Upepo unapasua jani kwa kufuata mistari yake mpaka linakuwa kama ukindu. Haya yalikuwa yamekatwa kwa kisu, kipande cha ukubwa mmoja, jani hili na hili na lile, na kingo za zamani zimekauka zikawa za kahawia na za karibuni bado zina ukijani kidogo. Nikasimama na lile beseni. Kipande kimoja ni saizi ya mfuniko wa sufuria yetu. Miaka yote nimeoga ukuta wa pili na sikuwahi kuliona hilo.

Nikaingia ndani nikachukua kisu.

Jani nililibabua juu ya moto mpaka likalainika na kubadilika rangi. Wali ulipokauka nikalilaza juu yake, nikalisukuma pembeni likashika, kisha mfuniko, kisha makaa. Nikakaa kwenye kigoda chake. Baada ya muda ikaanza kutoka. Sijui niieleze vipi. Ni nazi, ni moshi, ni ubichi wa jani linaloiva, vitatu kwa pamoja, na kwa harufu hiyo huulizi saa, unajua ni mchana, unajua uko kwako, unajua viatu uvulie wapi. Nilijizuia kugeuka kutazama mlango wa chumbani. Nikaushika mwiko.

Nikasikia geti likigonga. Nikasikia mbio. Mwanangu hakuwa amekimbia tangu msiba. Alikuja na begi mgongoni, viatu miguuni, akapita sebuleni kwenye vigae bila kuvivua, na alikuwa anaanza kusema neno. Akafika mlango wa jikoni akasimama.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na mwiko.

"Nimeupata," nikamwambia.

Alitazama viatu vyake. Kisha akavua viatu, akavipanga, akanawa, akaja kukaa. Akala. Wallahi alikula, sahani nzima, akaomba tena, nikambandulia ukoko wote akautafuna kipande kwa kipande. Mimi sikula, nilikuwa namtazama.

"Nilijua ni jani," akasema akilamba vidole.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akaendelea kulamba vidole. Mimi sikurudia kuuliza, nilikuwa na furaha. Jioni ile pale mashineni nilizungumza mpaka watu wakachoka. Niliwaambia hakuna kinachomshinda mtu akitia nia. Niliwaambia mwalimu wa kupika ni njaa ya mwenzako.

Kuanzia hapo alikula kila siku, nami nilipika kila siku vilevile, na jani. Mashavu yakarudi. Sare ikajaa. Niliona pia kwamba amekuwa anachelewa kurudi kutoka shule. Alikuwa anapitia njia ya nyuma, anazunguka mpaka dukani, anaingia kwa mlango wa uani amejifunika pua na mtandio. Nilisema vumbi. Lori nyingi barabara ya Kilwa, nilisema, mtoto anaogopa vumbi.

Arobaini ikafika. Tukasoma hitima, wapishi wanaume wakapika pilau kwenye masufuria makubwa uani, watu wakajaa. Mama mkwe alikuja na boti ya jana yake. Baada ya kula alimwita mjukuu wake mbele ya wote, akamshika mkono wa juu, akaubonyeza kama tunavyobonyeza embe, akashika shavu, akamgeuza akamtazama mgongo.

"Mkwe," akasema, "neno langu ni lile. Nimemkuta ana mwili. Kesho narudi peke yangu."

Mtani akapiga kigelegele kimoja, akakikata mwenyewe akikumbuka ni shughuli gani. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshinda, na sioni haya kusema nilisimama wima kama siku nilipowasha mashine kwa mara ya kwanza. Niliwahi kushinda watu wakubwa katika maisha yangu, lakini sikuwahi kushinda kitu nilichokitaka kama kile.

Asubuhi nikatoa gari nimpeleke mama mkwe Nyamisati kwenye boti. Alikwisha kukaa mbele, ameweka kikapu chake miguuni. Mwanangu akatoka ndani. Alikuwa na begi la shule limevimba, na kanga ya mama yake ameikunja chini ya kwapa.

"Bibi, nisubiri."

Nikacheka. "Unakwenda wapi wewe? Leo shule."

"Nakwenda na bibi."

"Bibi kasema unabaki. Jana hukusikia?"

"Nimesikia." Alikuwa anazungumza akitazama tairi. "Nataka kwenda."

Nikazima gari, nikashuka, nikachuchumaa mbele yake vumbini.

"Mama," nikamwita, maana binti yangu huwa namwita hivyo, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Chakula?"

"Chakula kizuri."

"Sasa?"

Bodaboda ikapita ikatufukiza vumbi.

"Ukipika," akasema, "nikiwa getini najua mama yumo jikoni. Najua kabisa. Halafu nikiingia nakukuta wewe."

Mimi ni mtu wa maneno. Sijawahi kukosa neno sokoni, wala barazani, wala mbele ya mkuu wa polisi. Nilichuchumaa pale nikatafuta. Nikamwambia, "Nitaacha. Sitaupika tena. Nitapika ule wa kambi, nitatia chumvi."

"Nitakuwa nangojea unukie," akasema. "Kila siku nitangojea."

Hapo mama mkwe akafungua mlango wa gari, akateremka taratibu, akaja akasimama pembeni yetu. Hakunitazama kwa ushindi, namshukuru kwa hilo. "Kwangu wali ni wa kumwaga maji," akamwambia mjukuu wake. "Hauna nazi, wala jani, wala ukoko. Mke mwenzangu, utauweza?"

"Nitauweza."

Ningeweza kumkataza. Mimi ndiye baba, dini iko upande wangu na watu wote wa jana walikuwa mashahidi. Nikalichukua begi lake nikalitia nyuma ya gari. Nikarudi ndani nikachukua viatu vyake vya shule, kule delta kuna shule pia, na nikakuta jikoni jani la siku ile limeshakatwa, nimeliloweka kwenye beseni lisikauke. Nikamwaga maji.

Njiani tulikaa watatu mbele, mama mkwe akasema mihogo ya mwaka huu imestawi. Mwanangu alikuwa katikati. Bega lake lilikuwa limenigusa mkono wa gia, na lilikuwa bega lenye nyama, nililonenepesha mimi.

Nyamisati maji yalikuwa yamejaa na boti inapakia. Nikawabebea mizigo majini mpaka magotini, nikamnyanyua mwanangu nikamweka ndani, akakaa karibu na bibi yake akafungua ile kanga akajifunika mabegani. Aliniaga vizuri. Alisema nisisahau kula. Nahodha ananijua, alikuwa ameshasikia habari za msiba, akataka kunisamehe nauli. Nikamwambia mimi sibebewi mtoto bure. Bibi akajilipia mwenyewe, akaikataa noti yangu. Nahodha akasema basi, mtoto ni nusu. Nikampa elfu kumi, akahesabu akanirudishia elfu sita.

Shilingi elfu nne, ndizo nilizolipa mwanangu aondoke.